CD za Gervas Zilivyokataa Kupangika

Damari alichomoa filamu ya Wachina wanaopigana juu ya mapaa, akaitia kwenye kava la kwaya. Kwaya akaipeleka kwa Wanaijeria. Mnaijeria mmoja alikosa makazi kabisa, akasukumwa chini ya kochi kwa kidole cha mguu. Kisha mama wa watu akachukua ufagio, akaanza kufagia sebule huku akiimba.

Msimwone mwendawazimu. Alikuwa anampigania mume wake.

Tangu Gervas auze alizeti vizuri akaleta runinga ya rangi, deki na CD za kujaza kabati, sebule yao pale Unyambwa haikuwa yao tena. Jua likizama tu, hodi! Mzee Mughwai na mkewe Luciana ndio wa kwanza, nyuma yao mtaa mzima. Na mtu akishakaa kwenye kochi lako humwambii aende kwake, na chakula kikiiva huli bila yeye. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Damari alikuwa hajapona bado. Kuku wake walikwisha wote, akabaki jogoo mmoja mwenye wasiwasi.

Na mtoto wao wa mwisho, Jenipher, ndiyo kwanza amekwenda shule ya bweni! Miaka yote hiyo Damari alikuwa anaingojea jioni ya kukaa na mumewe wawili tu, wamenye karanga, wataniane. Badala yake aliambulia kisogo chake kule mbele, akiwabadilishia watu filamu. Iliuma, jamani.

Basi Gervas aliponunua kompyuta ya mtumba, akatangaza mbele ya wageni kwamba anatafuta programu ya kuzipanga CD zake, Damari alisogeza kigoda karibu asikie vizuri.

Fundi Leonidas alileta programu mbili.

"Hii ya kwanza ina majina ya filamu tele humo ndani," alieleza. "Unatia CD, unabonyeza, kwisha kazi. Siku chache tu umemaliza. Hii ya pili, mh! Kila kitu unaandika mwenyewe. Jina, waigizaji, lugha, hata rangi ya kava. Na mpaka zote ziingie, hupaswi kucheza wala kuazima hata moja, la sivyo utachanganyikiwa uanze upya."

"Ya pili," alisema Damari kabla fundi hajafunga mdomo.

Wageni wakageuka kumtazama. Gervas alijikuna kichwa. "Sasa mama Jenipher, majirani watakaa muda gani bila filamu?"

"Haraka haraka haina baraka. Mali yako iandike kwa mkono wako."

Gervas, ambaye kwa ubishi anajulikana mpaka kijiji cha Mkiwa, alishusha pumzi tu. "Haya. Mwenye nyumba kasema."

Ee bwana, raha iliyofuata! Majirani walipobisha hodi, Gervas alitoka mlangoni ameinamisha uso. "Bado, ndugu zangu. Ile programu." Wakarudi walikotoka. Alipoingia ndani, karanga zilikuwa zimeshakaangwa. Alimsimulia mkewe alivyofukuzwa na nyuki msitu wa Mgori siku za ujana wake, akaruka kochi kumwonyesha, na Damari akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa amesahau kwamba aliolewa na mchekeshaji.

Hofu ilikuwa moja. Gervas aliandika kwa kidole kimoja, lakini aliandika, na siku moja angemaliza. Ndiyo maana kila asubuhi, mume akienda kwenye mashine yake ya kukamua mafuta, Damari alizichanganya kidogo. Cha ajabu, mkono wake ulikuwa na baraka: akivuruga rafu moja, Gervas anakuta tatu zimevurugika.

"Hizi CD zina pepo!" alilalamika.

"Pepo kabisa," Damari alimuunga mkono.

Dhamiri ilimsuta alipokutana na Luciana dukani. Mama mzima, kanyimwa starehe yake, na bado anakusalimia kwa upole! Damari alinunua chumvi upesi akakimbia.

Siku moja alirudi mapema kutoka sokoni. Mlango wa sebule ulikuwa umerudishiwa. Akausukuma polepole. Gervas alikuwa amekaa sakafuni, CD zimemjaa mapajani, anaipenyeza kwaya kwenye kava la ndondi.

Wakatazamana.

"Rafu ya juu umeshafanya wewe?" Gervas aliuliza.

"Asubuhi."

"Basi njoo unisaidie hii ya chini."

Damari alicheka mpaka akaanguka juu ya makava. Gervas naye akacheka, wakashikana, kilemba kikaenda kivyake.

"Hodi humu!"

Mzee Mughwai na Luciana walikuwa wameshaingia. Damari aliruka, akatafuta kilemba, akakikosa.

"Shikamooni," alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba." Mzee alizitazama CD zilizotapakaa. "Mnaendeleaje na kazi?"

Damari aliona aibu. Alimtazama mumewe, naye akatikisa kichwa kukubali. Basi, yameisha. Jirani ni jirani.

"Baba, mtusamehe kwa kuwanyima," alisema. "Tunamwita fundi alete ile programu ya haraka. Jumamosi mje wote, tutacheza filamu."

Mzee Mughwai alimgeukia mkewe. Luciana akamfinya mkono.

"Jumamosi hii?" mzee aliuliza kinyonge. "Wanangu, hiyo ya polepole haiwezi kufika hata Pasaka? Mtaa mzima tulikuwa tunakuja tu msije mkadhani tumewanunia, na siku hizi ndiyo kwanza tunalala mapema."