Ukuta wa Upande wa Jabali

"Teodora anakohoa kwa sababu ya vumbi la mji," alisema mwenye nyumba wangu.

"Vumbi gani, mzee, na masika haya?"

"Basi unamwogesha maji ya baridi, mama."

Nikajiuliza kwa nini, kabla hatujahamia, alipaka rangi ya mafuta ukuta mmoja tu, ule ulioegemea jabali.

Nilisogeza kitanda cha mtoto, nikabonyeza ukuta kwa kidole gumba. Rangi ilibonyea kama utando wa uji, ikapasuka. Nyuma yake kuvu nyeusi ilikuwa imeota manyoya, usawa wa mto wa mwanangu.

"Hilo ni jasho la jiwe tu. Halidhuru mtu."

"Halidhuru?"

Nilibeba godoro la Teodora, nikavuka ua, nikalitandika kwenye kitanda cha mzee. La kwake nikalileta huku ukutani.