Kitungi Chekundu cha Mama Odile

"Umechelewa," Mama Odile alisema kabla Gédéon hajamaliza kubisha. "Vua viatu. Mayi iko huku."

Gédéon alifungua kinywa. Alikuwa na maneno mazuri aliyoyarudia njia nzima, nyuma ya toleka, baiskeli ya abiria iliyomleta. Lakini mama alikuwa amekwisha kumgeuzia mgongo, na mama wa namna hiyo humkatizi. Akavua viatu, akafuata.

Mambo kama haya hufanywa na watu wawili. Tonton Timothée, mjomba wake, ndiye mwenye ulimi, Gédéon ni wa kuitikia tu. Sasa tonton alikuwa bado ng'ambo ya mto, Lubunga, akigombana na mwenye pirogi ya kuvukia, na kukubaliwa katika nyumba hii ndiyo ilikuwa sala ya Gédéon ya kila asubuhi. Mama Odile akimkataa leo, basi.

Bafuni, mtungi mweupe wa maji moto ulining'inia ukutani, ukidondosha matone kwenye beseni. Chini kulikuwa na kitungi chekundu, kikubwa kama boga, bado kimevaa nailoni yake ya dukani.

"Mayi ikipata moto inavimba," alisema Mama Odile, akiweka kiti mlangoni na kuketi kama hakimu. "Haina fasi ya kwenda, inatemea ukuta yangu. Hii kitungi ndiyo itaipokea. Utaweza?"

"Nitaweza, mama," Gédéon alijibu, akitazama miguu yake mwenyewe.

"Vyombo vyako?"

"Nilitoka mbio, mama."

Mama alimsukumia sanduku la marehemu mumewe. Gédéon akachagua ufunguo wa bomba, akaushika kama mtu anavyoshika nyoka: karibu na kichwa, na bila furaha. Kisha akampa mama mgongo na kufungua simu, ambamo mzungu mmoja mwenye mikono mikavu alikuwa akiifanya kazi hiyo hiyo bila sauti.

"Unaangalia nini?"

"Saa, mama."

"Iko ngapi?"

Ikambidi aangalie tena.

Alifunga robine, koki aliyoiona mbele yake, akalegeza bomba. Maji yakamrukia kifuani. Shati lake jeupe, lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, likamganda mwilini, naye akalikumbatia bomba kwa mikono miwili kama ndugu aliyepotea zamani. Huko jikoni binti wa Mama Odile alicheka, kisha kicheko kikafunikwa haraka kwa kelele za sufuria.

Mama Odile aliinua miguu isilowe. "Hiyo ni robine ya jikoni," alisema. "Ya huku iko nyuma yako."

Maji yalipokatika, mama aliendelea kuuliza, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Wazazi wako fasi gani?"

"Yanonge, mama. Watu wa samaki."

"Unakunywa?"

"Fanta tu, mama."

"Bon. Sipendi mulevi apasule bomba yangu. Na ukiharibu kitu, unakimbia ao unabaki?"

Gédéon alifikiri, maji yakimtiririka puani. "Ninabaki, mama. Hata nikilowana."

Mama Odile alikohoa kidogo, akatazama dari.

Mzungu wa simuni alionyesha kitungi kikijazwa hewa kwanza. Gédéon akatoka peku hadi langoni, alikokuwa anamngoja Djuma, mwenye toleka, akaazima pampu yake.

"Tangu lini mayi inavaa mupira ya baiskeli?" Djuma aliuliza.

"Nyamaza, Djuma. Nikifukuzwa hapa, utanirudisha bure."

Alipampu, akazungusha utepe mweupe kwenye meno ya bomba, akakaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kitungi kilikaa upande, kama kofia ya mlevi, lakini kilikaa. Mama Odile akaleta sahani ya lituma, ndizi za kuponda, na samaki. Kula mbele yake, tena leo? Gédéon alisema ameshiba. Tumbo lake likasema jambo lingine, na kwa sauti kubwa zaidi.

Maji yalifunguliwa. Umeme, uliokuwa umekatika kazi ikiendelea, ukaona huruma ukarudi. Wakakaa wote wawili wakiuangalia mtungi kama watu wanaongoja mtoto apone homa. Maji yalipata moto, kisha yakapata moto zaidi. Beseni halikupata tone jipya.

Gédéon alifuta uso kwa mkono wa shati uliolowa, akajikaza.

"Mama," alianza, "kuko neno moja sijakuambia..."

Langoni mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanamume mnene, na begi la vyombo likimvuta bega.

"Mama Odile, ni mimi, fundi wa mayi. Si ulisema nikuye jioni?"

Mama Odile hakuinuka kitini.

"Urudi tu, papa," alisema. "Nilikuita tu ikiwa mukwe wangu angeshindwa."