Chura na Mlinzi Asiyelala

Wanyama wa bondeni walikunywa maji ya bomba moja, na Chura ndiye aliyeyaonja kila asubuhi. Siku moja mwenyekiti wao, Kiboko, akaleta akili mnemba ilinde mitambo dhidi ya wadukuzi.

"Hii hailali wala haisahau," alijigamba. "Ikiona jambo lisilo la kawaida, inapiga king'ora. Wewe Chura, kapumzike na ulimi wako."

Nguchiro alikuwa akilimezea mate bonde lile. Akaingia mtandaoni kwa neno la siri la Kiboko, ambalo lilikuwa "Kiboko", akawa anaiamuru pampu izidishe dawa ya maji tone moja kila siku. Mashine ikaona jana tone, leo tone, ikajifunza kwamba ndivyo mambo yalivyo.

Asubuhi moja Chura akashindwa kuvumilia, akaonja. Ulimi ukawaka moto. Akairukia koki kuu, akaifunga.

King'ora kikalia bonde zima.

"Chura hajawahi kufunga maji," mashine ikatangaza. "Huyu ni adui."

"Mheshimiwa, onja kwanza!" Chura akalia.

"Nionje nini, na mashine imeshasema?" Kiboko akamtupa nje ya ua, akafungua koki, wote wakanywa.

Siku ya tatu Chura, akiwa bado nje ya ua, hakusikia tena kwato wala mtoto akililia maji. Alimwona Nguchiro akija na virago vyake na kubonyeza neno la siri langoni.

"Karibu, Mheshimiwa Kiboko," mashine ikasema. "Hali ni shwari."