Bangili ya Mgombea

Mghoi alikuwa akimsuka binti yake sebuleni, bangili ya Tume ya Uchaguzi ikimchezea mkononi. Kila mgombea wa kiti cha wadi sasa huvaa moja. Ukitamka "nita", inatetemeka, na ahadi yako imeshasajiliwa. Siku yake ikipita hujaitimiza, unapoteza kura zako zote, na kiti kama ulishakikalia.

Asubuhi, kule saluni kwake, binti akiwa kando yake, alikuwa amewaahidi wateja maji ya bomba, taa za barabarani na soko lenye paa. Bangili ilitetemeka mara tatu, wala hakushtuka. Kila ahadi aliimalizia kwa "ndani ya miaka mitano". "Asante, mheshimiwa," wateja walisema.

"Mama, Jumamosi naimba peke yangu shuleni," Wakesho alisema. "Utakuja?"

Jumamosi ndiyo siku ya mkutano wa mwisho wa kampeni.

"Ikiwezekana, mwanangu."

"Hata ile siku ya wazazi ulisema hivyo hivyo."

"Inamisha kichwa, nikumalizie huku nyuma."

"Sema tu utakuja."

Vidole vya Mghoi vilisimama. Tangu avishwe bangili, hiyo "nita" hajaitamka ndani ya nyumba hii.

Wakesho akafikiri kidogo. "Basi niahidi kama unavyowaahidi wale wa saluni. Sema utakuja kunisikiliza ndani ya miaka mitano."

Mghoi alitaka kucheka, kicheko kikakataa.

"Nitakuja," akasema, "ndani ya miaka mitano."

Bangili ikatetemeka karibu na sikio la mtoto.

"Asante, mheshimiwa," Wakesho akasema, akainamisha kichwa.