Video ya Leo

Video iliingia kwenye simu zote za soko la Tshopo karibu kwa wakati mmoja: risasi darajani, leo hii, kimbieni. Wauza samaki walianza kufunga mizigo.

Mama Exaucé hakufunga. Kwenye simu ya jirani yake, kijana mmoja aliyekuwa akikimbia alisimama ghafla, akainama kuokota kandambili, ukanda wake umeshonwa kwa uzi wa wavu. Ukanda huo aliushona yeye, mwaka juzi, siku chache kabla ya kumzika mwanawe.

"Yaya, dada mukubwa, wewe umeangalia muzuri," jirani alisema, mtoto mgongoni. "Iko ya leo kweli?"

Mama Exaucé aliirudisha mwanzo. Mwanawe Exaucé akainama tena, mzima.

"Iko ya leo," alisema. "Unitumie kwanza, halafu mukimbie."