Kifundo cha Papa Habarurema

Kitu cha kwanza alichokiona Uwitonze hakikuwa gunia, kilikuwa kifundo. Kamba ya mgomba ilikuwa imezungushwa kuelekea kushoto, mkia wake umefichwa ndani. Kule kijijini kwao, Rumangabo, kila nyumba ilikuwa na kifundo chake, ili magunia yasipotee kwenye lori la soko. Hicho kilikuwa cha Papa Habarurema, baba yake.

Alikigusa, akakifuata kwa kidole hadi pale mkia ulipofichwa.

Janvier, kijana wa pikipiki, alilitua gunia mlangoni pa maabara, pale mtaani Ndosho. Akasema ni majani ya dawa, kama ya zamani. Kabla waasi hawajafunga barabara, Papa mwenyewe ndiye aliyekuwa akiyaleta, na kwa njia hiyo Uwitonze alipata kazi ya kuosha vyombo pale. Siku ya kuwakimbia waasi, mama yake alitangulia na majirani. Uwitonze alifika kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya baadaye, peke yake, akamwambia mama kwamba Papa amebaki kulinda shamba.

Jioni alimpelekea mama ile kamba. Mama aliikunja, akaificha chini ya nguo zake.

"Si unaona? Papa yako iko muzima," alisema.

Uwitonze aliitikia kwa kichwa. Hakuwa mtu wa maneno. Tangu hapo kila gunia lilipofika alipeleka kamba, mama akafurahi, kisha wakala maharagwe yao, kila mmoja akitazama sahani yake.

Maabarani, Madame Sidonie, mtafiti aliyemwajiri, alifuga vijidudu vya rangi ya zambarau kwenye visahani. Bado alikuwa na majani makavu ya Papa. Alipodondosha maji ya majani hayo katikati ya kisahani, kesho yake palitokea duara jeupe. Uwitonze alidhani vijidudu vimekufa.

"Havikufa," Sidonie alimwambia. Akaeleza kwamba vijidudu huitana kwa kitu kama harufu. Hivi vikisikia viko vingi, vinageuka zambarau. Vile vya vidonda vikisikiana, ndipo vinaposhambulia nyama. Majani hayaui, yanaziba masikio tu. "Viko vizima, tena vimebanana. Ila kila kimoja kinazani kiko peke yake."

Uwitonze alisahau ndoo yake, akabaki kulitazama lile duara.

Majani makavu yalipokwisha, Sidonie alifungua magunia mapya. Visahani vyote vikabaki zambarau. Akarudia, ikawa vilevile. Akamwaga gunia mezani. Majani yalifanana, lakini yalikosa ule uchungu puani, na chini yake kulikuwa na changarawe nyeusi, kali, ya volkano, isiyowahi kuwamo kwenye magunia ya Papa.

"Haya hayakutoka kwa papa yako," alisema polepole. "Uliza yule kijana. Kama kuna kitu kimemupata muzee, heri mujue."

Uwitonze alimngoja Janvier barabarani. Alipomuuliza magunia anayatoa wapi, Janvier alicheka.

"Leo bubu wa labo amefungua kinywa." Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. "Dada, ku Rumangabo sijafika tangu njia ifungwe. Napewa hapa karibu. Nilikatazwa kusema nani ananipa."

Uwitonze alirudi maabarani. Aliomba ruhusa, akapanda kwenda Kanyaruchinya mapema kuliko kawaida yake.

Hema lilikuwa wazi, mama hayumo. Alimkuta nyuma, ameketi juu ya mawe ya volkano, rundo la majani mapajani, vidole vya kijani. Ncha ya kamba ilikuwa kati ya meno yake, na mkono ukiizungusha kuelekea kushoto. Alipomwona binti yake alitaka kufunika gunia kwa kanga, akachelewa.

"Ulikuwa unalia mu usingizi, unaita Papa," mama alisema, bila kuinua macho. "Nikasema, akiona kifundo, atatulia. Atazani papa yake iko muzima."

Uwitonze aliketi juu ya jiwe, bega kwa bega naye. Akaitoa ile kamba mikononi mwa mama taratibu, akaifungua.

"Usifunge tena, Mama. Papa alipokufa, nilimufunika mimi mwenyewe, na kitenge yangu, mu njia pale Kibumba, siku ile ile tulikimbia."