Mwavuli wa Generoza

Mchi wa Generoza ulikuwa bado hewani pale mama mkwe wake, waliyekuwa wakitwanga naye kinu kimoja, alipomwimbia:

"Mkwe wetu wa Kimamba, mchi kaushika kama mwavuli!"

Wanawake waliokuwa wakipepeta walicheka mpaka nyungo zikayumba. Mama mkwe alikuwa ameacha Kikaguru na kuimba kwa Kiswahili makusudi, ili bibi harusi asipitwe hata na neno moja.

Huku milimani, neno usiloweza kumwambia mkweo uso kwa uso unamwimbia kinuni, na likishaimbwa halifuatani nanyi nyumbani. Ila sharti ujibu kabla mchi haujatua. Anayenyamaza huitwa mgeni mpaka azeeke, na Generoza alikuwa amenyamaza tangu aolewe.

"Wifi, jibu basi! Au unatafuta mtandao?" akadakia dada wa mumewe, ungo mkononi.

Lengelenge la kiganja chake lilikuwa limepasuka, mchi ukamteleza kidogo. Kwao Kimamba unga hutoka mashineni, na mashine haimsemi mtu.

Akaukaza mchi, akaushusha kwa nguvu, na sauti ikatoka nao:

"Nitaukunja mwavuli wangu, mvua ya maneno ikikatika!"

Nyungo zote zikatulia. Mama mkwe alibaki na mchi wake juu, akimtazama kama mtu anayepima kitambaa.

Kisha akasogea taratibu, akamwachia upande wa kivuli.

"Jifunike vizuri, mwanangu," akaimba, "hayo yalikuwa manyunyu tu."